Maharagi ya Bei ya Mchana

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa resho mpya, jiko la umeme la koili mbili, imefungwa kwa karatasi ya maua, na mkurugenzi akasema kwamba sasa Maman Aline atapika kwa raha zake. Nilicheka pamoja nanyi, nikala keki, nikaenda nyumbani. Njiani ndipo nilipokumbuka kwamba maisha yangu yote ya kazi nimeyatumia kupigana na resho za watu wa Bukavu, na nyinyi mmenipa moja zaidi niendelee na vita. Nawasamehe. Ni resho nzuri.

Mliniomba pia niwaandikie kidogo juu ya miaka hiyo, nyinyi mnaobaki na nyaya na mita. Ya vyeo sitaandika. Vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Ya mishahara mnayajua wenyewe. Nitaandika juu ya nguzo, moshi na maharagi, kwa sababu hii bei mpya ya umeme, inayopanda jioni na kushuka mchana, nyinyi mnaifahamu kwenye kompyuta, na mimi niliiona ikiingia jikoni mwa watu. Si kitu kimoja.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwenye diploma ya umeme na viatu visivyofaa. Timu niliyopewa ilikuwa ya wanaume watupu, na mkubwa wao alikuwa Papa Bisimwa, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye sketi, akaenda kuniletea suruali ya mwenzao aliyekuwa likizo. Halafu akanipa grife, vile vyuma vyenye meno ambavyo mtu anavifunga miguuni ili apande nguzo ya mti. Zilikuwa za miguu ya wanaume. Tulizijaza vitambaa mpaka zikanikaa.

"Mademoiselle, uko naogopa?" akaniuliza.

"Niko naogopa, Papa."

"Bon. Mwenye haogopake, njo ule tunabebaka ku kaburi. Panda."

Nikapanda. Nilipofika katikati miguu ilianza kutetemeka yenyewe, na hakuna aliyecheka. Nawaambia hili kwa sababu siku hizi naona mnavyowacheka wageni kazini. Mtu anayetetemeka juu ya nguzo hushika mkanda wake vizuri. Mwacheni atetemeke.

Papa Bisimwa alikuwa na namna yake ya kazi ambayo hamtaikuta katika mafunzo yenu. Kila jioni, kabla ya kuanza zamu, alisimama barabarani mahali ambapo mtu anaziona nyumba za Kadutu zikiwa zimepandana juu ya kilima, akaangalia moshi. Nilifikiri anapumzika. Siku moja akanivuta mkono.

"Angalia moshi," akasema. "Kwenye moshi iko mingi, courant haiko, bamama biko napika na makala. Kwenye moshi haiko, kule bote biko ku resho. Kule njo cabine iko nalia."

Cabine, kwetu, ni transfoma, courant ni umeme, na njo ni ndiyo au ndiye. Nikaangalia. Upande mmoja wa kilima ulikuwa umefunikwa na moshi wa makala, yaani makaa, na upande wa pili ulikuwa safi kabisa. Tulikuwa hatujamaliza kufunga viatu tulipoitwa: fyuzi ya upande ule safi ilikuwa imekatika. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua sanduku la vyombo, natazama kwanza watu wanapika na nini. Nimeendelea hivyo hata baada ya kupewa pince, ile koleo ya kupimia umeme bila kukata waya, na mara nyingi moshi uliniambia mapema zaidi.

Kisha ikaja miaka mirefu ya délestage. Vijana wengi mnaijua kwa kuhadithiwa: leo umeme upande huu, kesho upande ule, na keshokutwa hakuna anayejua. Katika miaka hiyo nilikutana na kitu ambacho sidhani kama wahandisi wa nchi nyingine wanakijua. Kulikuwa na transfoma moja iliyokuwa ikikata fyuzi kila tunaporudisha umeme. Si baada ya saa moja, papo hapo. Tunafunga, inalia pwaa, giza. Tunaweka fyuzi nyingine, pwaa. Papa Bisimwa akaniambia niingie katika nyumba yoyote niangalie, kwa sababu mwanamke haogopwi mlangoni. Nikaingia kwa mwalimu mmoja. Mke wake alikuwa amekaa akichambua mboga kwa mwanga wa mshumaa. Jikoni, juu ya resho iliyopoa kabisa, kulikuwa na sufuria ya maharagi, imejaa maji, imefunikwa vizuri, na kitufe cha resho kimezungushwa mpaka mwisho.

"Maman, hii sufuria iko nafanya nini hapa?"

Alinishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba. "Iko nangojea courant," akasema.

Nikatoka, nikaingia nyumba ya jirani. Sufuria. Nyumba ya tatu, sufuria. Avenue nzima, yaani mtaa wote, ilikuwa imepanga maharagi yake juu ya resho zilizofunguliwa. Umeme wetu wa siku zile haukubisha hodi ulipokuja wala kuaga ulipoondoka, na mama aliyesinzia aliamka akakuta umeshapita. Basi kila nyumba iliacha sufuria ikingojea. Umeme ulipofika, maharagi yote ya avenue yaliunywa kwa pamoja, na fyuzi haikuwa na la kufanya ila kukatika.

Nilirudi nikacheka sana. Papa Bisimwa hakucheka. "Kwangu pia iko moja inangojea," akasema. Hapo nikanyamaza, kwa sababu kwetu pia ilikuwepo. Mama alikuwa ameiweka asubuhi.

Tulijaribu kupita mlango kwa mlango tukiomba watu wazime resho mpaka transfoma ipate nguvu. Wote waliitika, na hakuna aliyezima, kila mmoja akitegemea jirani yake azime. Mwishowe Papa Bisimwa alizoea kurudisha umeme laini moja baada ya nyingine, akingoja kati yake, akiweka kiganja kwenye bati la transfoma ili asikie linavyonguruma. Fanyeni hivyo hata leo. Msiwakasirikie watu. Mtu aliyedanganywa na umeme kwa miaka ataendelea kuacha sufuria ikingojea, na mimi sijaona kosa lake.

Niliolewa, nikamzaa Aline, goti langu likakataa nguzo, nikahamishiwa kwenye mita. Papa Bisimwa alistaafu, na baadaye tukamzika. Nililia siku ile kuliko nilivyotarajia, na nilikuwa nimetarajia kulia sana.

Sasa nifike kwenye hii bei mpya. Ilipoletwa, Ingénieur Patrick alituita ofisini akatuonyesha mchoro. Patrick ni kijana mzuri, ana heshima, na alichosema kilikuwa kweli. Mchoro ulikuwa tambarare asubuhi na mchana, halafu jua likizama ukapanda juu kama vile Kadutu yenyewe. Maji ya mto Ruzizi yanayotupa umeme ni yaleyale, alisema, lakini mchana umeme unabaki hauna wa kuutumia, na jioni watu wote wanaung'ang'ania kwa wakati mmoja, ndipo transfoma zinapoungua. Basi mita mpya zitajua saa. Mchana bei itashuka, jioni itapanda, na watu watahamisha wenyewe kupika, kupiga pasi na kupasha maji. Hakuna atakayelazimishwa.

"Maman Aline," akaniambia baada ya mkutano, "wewe utaenda kuwaelezea. Akina mama watakusikia."

Nikaona maarifa yangu yote ya umeme yamegeuka tena kuwa sketi. Lakini nilikubali, maana alikuwa na haki: mlima ule wa jioni ulikuwa wa maharagi, na maharagi nayajua.

Walinipa avenue moja ya juu Kadutu ambayo transfoma yake ilikuwa imeshaungua. Ile waliyowekewa badala yake ilitolewa mahali pengine, imechoka, na mkubwa wangu alinieleza bila kuficha kwamba hii nayo ikiungua hakuna nyingine, avenue itarudi kwenye makala. Nyinyi mnajua makala yanavyokula nyumba ya mtu. Nikaenda kwenye shirika lao, ile jumuiya ndogo ya majirani Wakatoliki wanaokutana kusali nyumba kwa nyumba, na baada ya sala wakanipa nafasi. Nikaeleza kila kitu. Walinisikiliza kwa upole mkubwa, na upole wa namna hiyo kwetu maana yake ni hapana.

Aliyejibu alikuwa Maman Faida, mjane wa makamo mwenye sauti ya sokoni. Anauza kabichi na nyanya. Alfajiri anaenda kuzichukua Kavumu, nje ya mji, anauza mchana kutwa, anarudi jua linapozama.

"Maman, tunakushukuru," akasema. "Bei ya muchana ni muzuri. Lakini muchana nani iko ku nyumba? Miye niko ku soko. Huyu iko ku shamba. Ule iko nafundisha. Batoto biko ku masomo. Maharagi inaomba masaa mingi. Nitaiachia nani? Paka?"

Wakacheka. Mimi nikauliza swali la kijinga, kwa kuwa sikuwa mtu wa avenue ile. "Hakuna hata mutu moja mwenye anabakiaka muchana?"

Kicheko kikakatika. Watu wakaangalia mikono yao. Mwishoni kabisa, kwenye kiti kilichokuwa peke yake karibu na mlango, bibi mmoja mwembamba aliyejifunga kitenge cha buluu akasema taratibu, "Miye nabakiaka."

Mwenyekiti wa shirika akafunga kikao kwa sala.

Mwenyekiti huyo ndiye aliyenieleza wakati ananisindikiza. Bibi yule ni Mukaka Nabintu, mukaka maana yake bibi mwenye wajukuu, ingawa pale aliitwa hivyo kwa umri tu. Zamani alikuwa anatengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na watu walikunywa kwake. Mume wa Maman Faida alikunywa kwake kwenye sikukuu moja, akalala, akaugua, wakampeleka hospitali ya Katana, akafia huko. Madaktari walisema ini lilikuwa limeharibika tangu zamani. Avenue ilisema karuho, sumu. Maman Faida mwenyewe hakuwahi kulitamka neno hilo, lakini tangu mazishi hakukanyaga tena kwa mukaka, na wengine wote wakamfuata. Walimsalimia. Walisali naye. Kula kilichopita mikononi mwake, hapana.

Msiwacheke. Mimi ni mtu wa Bukavu, bia yangu inafunguliwa mbele ya macho yangu, na nikienda kusalimia watu nisiowajua nakunywa baada ya mwenye nyumba kuonja. Ni adabu yetu, na chini ya adabu kuna woga. Lakini nilipokuwa nashuka kilima nilimfikiria yule bibi kwenye kiti chake na moyo uliniuma. Kesho yake nikarudi kwake, bila mchoro wa Patrick.

Alikuwa na nyumba ya matofali, safi, na nyuma yake baraza refu lenye bati. Akaniletea soda ambayo haijafunguliwa, akaiweka mezani pamoja na kifungua chupa, akakaa mbali nayo. Nikaelewa kwamba ndivyo anavyoishi.

"Mutoto yangu iko Luhwindja, ku dhahabu," akaniambia. "Ananiitaka kila wakati. Anasema, mama, uzisha nyumba, kuya huku. Miye sitaki. Muzee yangu alijenga hii nyumba na mikono yake. Lakini kuishi na batu benye banakuogopa, inachosha. Kama hata hii ya kubapikia na courant ya muchana banakataa, nitaenda. Ni ya mwisho."

Kwa hiyo mzigo wangu haukuwa tena transfoma peke yake. Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nilisema habari ya makala, habari ya transfoma iliyochoka, habari ya bei ya jioni itakayowameza. Nikapendekeza baraza la Mukaka Nabintu: wenye sufuria walete maharagi asubuhi, wanunulie mita yake umeme kwa zamu, yeye awashe resho saa za bei ndogo, na jioni kila mtu achukue chake na kukipasha tu. Wazo liliwapendeza wote mpaka nilipofika kwenye jina lake.

Ni Maman Faida aliyepata dawa. Dawa ilikuwa kufuli.

Mimi nimeona mengi, lakini sikuwa nimeona sufuria za kufuli. Walipitisha mnyororo mwembamba kwenye mikono ya sufuria na juu ya kifuniko, wakafunga kwa kufuli dogo la sanduku, na kila mama akaondoka na ufunguo wake shingoni pamoja na rozari. Mukaka aliyapokea masufuria yale barazani, yamepangwa kama mizigo inayongojea boti ya Goma. Nilifikiri atakasirika. Alikuwa anafurahi. "Banileta," aliniambia, "banileta kwangu." Nikabadilisha waya wake wa kuingilia, maana ule wa zamani usingebeba resho tatu, nikamwekea disjoncteur mpya, ile swichi inayojikata mzigo ukizidi, nikamfundisha kuwasha moja moja na kungoja. Nikaenda zangu ofisini nikijiona nina akili.

Sasa nyinyi mnaopika mmeshaona kosa, lakini sisi wote, akina mama wa avenue nzima na mimi mwenyewe niliyepika maharagi tangu utoto, hatukuliona, kwa kuwa woga ulikuwa umetujaza kichwa. Maharagi yanakunywa maji. Lazima uongeze, na kuongeza lazima ufunue, na ufunguo ulikuwa sokoni shingoni mwa mtu.

Mchana simu yangu ikalia. "Maman Aline, kuya," ilikuwa sauti ya mukaka. "Kuya mbio. Maharagi inalia."

Nilipofika, harufu ilikuwa imenipokea tangu barabarani. Alikuwa amezima resho zote, lakini amechelewa. Alikuwa amemwagia maji juu ya vifuniko akitumaini yatapenya. Masufuria yalikuwa yakitoa moshi mweusi pembeni ya minyororo. Nilianza kucheka, nakiri, kwa sababu nilimfikiria Patrick akijaribu kuliweka jambo hili kwenye mchoro. Halafu nikamwona. Alikuwa amekaa chini ukutani, kitenge mdomoni, analia bila sauti.

"Imekufia mu mikono yangu," akasema. "Batasema njo miye. Kila kitu inakufaka, batasema njo miye."

Nikakaa chini pamoja naye, na goti langu likanilaani. Nilimshika mkono tu, tukangoja wenye funguo.

Maman Faida alikuwa wa kwanza, bado ana vumbi la Kavumu miguuni. Wengine walimfuata nyuma, wamesimama nje ya baraza. Alifungua kufuli lake, akatazama ndani, kulikuwa na mkaa. Akaangalia sufuria, akaangalia mnyororo mkononi, na mimi nikajua kwamba chochote atakachosema, avenue itakisema kesho, na Mukaka Nabintu atafunga mizigo ya Luhwindja au hatafunga.

"Hii ni kufuli njo imeunguza," akasema. "Haiko weye, mukaka."

Nadhani lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu mazishi, ukiondoa salamu. Hakulisema kwa upendo. Alilisema kama mtu anayepima kabichi kwa haki. Kisha akatupa mnyororo kwenye kona ya baraza, ukalia, na wengine wakatupa yao.

Walikubaliana hapohapo, wamesimama: hakuna kufuli tena, lakini jioni mwenye sufuria akija, mukaka ataonja kwanza mbele yake, kama mwenye nyumba anavyofanya kwa mgeni. Mukaka akaitika kabla hawajamaliza kusema. Mimi nilitaka kupinga; nikaona kwamba si juu yangu.

Basi ikaanza. Asubuhi masufuria yanapanda, mchana mukaka anawasha moja moja na kuongeza maji, jioni wanakuja wenyewe. Anafunua, anachota kijiko, anakula akimtazama mama wa sufuria machoni, anameza, anangoja kidogo, anafunika. Anaendelea na inayofuata. Kuna siku nilikuta foleni mpaka mlangoni. "Miye nashibaka mbele ya bote," alinitania. Na kweli aliongezeka mwili, mashavu yakarudi. Watu walianza kukaa kidogo barazani wakingoja, wakazungumza, wakamwuliza habari za mtoto wake. Lakini kijiko cha kwanza kilibaki chake, jioni baada ya jioni, na hakuna aliyemwondolea.

Niliendelea kupanda kule jioni na pince yangu kupima transfoma. Mzigo ulishuka. Si wote waliobadilika. Wako waliokuwa wakipika jioni na kulipa bei kubwa, wengine kwa kiburi, wengine kwa sababu walifika nyumbani na nyanya na chumvi mfukoni na hawakuwa na cha kupeleka asubuhi. Hao wa mwisho msiwasahau mnapopanga bei. Anayenunua chakula cha leo leo hana mchana wa kuhamishia kitu. Niliyasema haya kwa Patrick na akayaandika, namshukuru. Aliniuliza pia nimewaambia nini watu wa avenue ile mpaka mlima wao ukapungua hivyo. Nikamwambia kuna bibi anaonja. Akafikiri kidogo, akaandika "sensibilisation", neno la ofisini la kuhamasisha watu.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipanda tena, safari hii kuaga. Nilifika jua linataka kuzama. Baraza lilikuwa na masufuria yaliyopangwa, yameiva, yamefunikwa, lakini mukaka hakuwepo. Alikuwa ndani, kitandani, malaria imemkamata. Alikuwa amevumilia mpaka sufuria ya mwisho ilipoiva, akazima resho, ndipo akalala. Uso ulikuwa unawaka. Nilikuwa namlowanishia kitambaa cha uso, ndipo Maman Faida akaingia na sufuria yake mkononi. Aliingia mpaka chumbani, ndani ya nyumba ambayo kwa miaka hakuvuka mlango wake. Baraza lilikuwa limemtosha.

Mukaka alipomwona akajikaza kuinuka. "Ngoja," akasema, "ngoja nionje." Akanyoosha mkono, akashika kijiko, kikagongagonga pembeni ya sufuria.

Maman Faida akamwangalia. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua ule mkono, akakitoa kijiko taratibu kati ya vidole.

"Lala, mukaka," akasema. "Leo miye njo naanza."

Akafunua. Akachota, akapuliza, akala. Alikuwa analia na anatafuna, na mimi pia nilikuwa nalia, sioni haya kuliandika. Mukaka alimtazama mpaka alipomeza, kama ambavyo yeye mwenyewe alitazamwa jioni zile zote. Halafu akauliza kwa sauti ndogo:

"Chumvi iko ya kutosha?"

Maman Faida akaonja tena ndani ya mdomo wake. "Inakosa kidogo."

"Unaona," akasema mukaka, na akacheka kwa homa yake. "Masiku yote naonja, sijasikiaka chumvi. Nilikuwa nakula tu juu baone sijakufa."

Maman Faida akajipangusa uso kwa kitenge. Akachota kijiko cha pili, akakipuliza kwa ajili ya mgonjwa, halafu akasita, akanigeukia mimi niliyekuwa karibu na mlango.

"Maman Aline, ingia mu cuisine yake, utuletee chumvi," akasema. "Ile yake mwenyewe, iko ku kabati."